Tyuna ya FM: Kuunda au Kununua?

Mwenye mtaji asikimbilie kuunda tyuna ya bei kubwa, yaani redio ya FM isiyo na amplifaya wala spika, kabla hajatazama yaliyoikuta Marantz ya Marekani. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo ilitoa Model 10B, yenye kioo kidogo cha kuonyesha mawimbi. Sifa ilipata, lakini gharama za kuibuni ziliielemea kampuni. Mwaka 1964 mwanzilishi wake, Saul Marantz, aliiuza kwa Superscope.

Mnunuzi naye ajue mpaka. Sauti ya FM ya stereo huishia kilohezi 15, na tyuna haiongezi kisichorushwa na kituo. Mara nyingi antena nzuri juu ya paa huleta nafuu zaidi kwa fedha kidogo.

Soko nalo lina hatari. Norway ilizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017. Nchini Uswisi, shirika la umma la utangazaji, SRG, lilizima yake mwishoni mwa 2024.

Ushauri wetu: kuunda, hapana. Kununua iliyotumika, ndiyo, kwa mpenzi wa kusikiliza, baada ya kuijaribu kwa vituo vya kwake. Kwa kutarajia faida, weka fedha kwingine: mitambo ya kurushia ikizimwa, wateja watabaki wakusanyaji wa vitu vya zamani tu.