Miguu ya Askari na Haki ya Rufani

Askari aliyepigwa risasi hahitaji maneno mengi mbele ya bodi ya madaktari. Kovu lipo, tarehe ya mapambano inajulikana, na waliombeba wanaweza kuulizwa. Mambo ni tofauti kwa askari ambaye miguu yake imeharibika polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa safari ndefu, matope, mizigo na buti zisizomtosha. Huyu hustaafu akiwa bado anatembea. Maumivu humzidia akiwa raia, na siku anapodai malipo ya ulemavu huulizwa swali ambalo mwenzake wa risasi hakuulizwa: ni nani ajuaye kwamba miguu hii iliharibikia kazini?

Tuchukue mfano wa askari mstaafu anayeishi Ggaba, karibu na mwalo. Baada ya kuacha jeshi amekuwa akishusha samaki kutoka mitumbwini, maji yakimfika magotini. Sasa visigino vimepasuka, vidole vimepinda, na kila hatua ni adhabu. Anapanda gari kupitia Bunga, Kansanga na Kabalagala kwenda kupeleka madai yake. Afisa anayeyapokea ana haki ya kuuliza kama ni jeshi au ni ziwa lililomfikisha hapo. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kukataa kwa sababu tu swali ni gumu ni jambo jingine.

Kwa kawaida madai ya namna hii husimama juu ya mambo matatu. Kwanza pawepo ulemavu wa leo, uliopimwa na daktari. Pili pawepo tukio au hali fulani ya utumishi. Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, pawepo uzi unaounganisha mambo hayo mawili. Sheria za pensheni ambazo nchi zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza zilizoea kutaka majeraha yawe yamempata mtumishi akiwa kazini, bila kosa lake mwenyewe, na kwa sababu inayotokana hasa na kazi yake. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 haiwahusu askari wa jeshi walio katika utumishi. Madai yao hupita katika sheria na kanuni za jeshi lenyewe.

Kwamba jeshi huharibu miguu si jambo la kubishaniwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa hapa Afrika Mashariki, funza waliwala vidole askari na wapagazi, na wengi walibaki vilema. Kabla ya Vita vya Pili askari wengi wa King's African Rifles walikwenda miguu mitupu au kwa makubazi. Mwaka 1944 ndugu zao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw huko Burma katika majira ya mvua kubwa, siku baada ya siku katika tope.

Lakini mfano wenye mafunzo zaidi ni wa karibu. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, ambacho kilikuwa cha Waganda na Warundi, walivimba miguu, na wanne angalau walifariki dunia. Mwanzoni chanzo hakikujulikana. Uchunguzi ulielekeza kwenye upungufu wa vitamini B1, yaani ugonjwa wa beriberi unaotokana na chakula. Kinyume chake, katika wilaya ya Kamwenge mwaka 2015 wataalamu walikuta raia wenye miguu iliyovimba kwa sababu ya kutembea pekupeku, miaka mingi, juu ya udongo wa volkano. Uvimbe ni uvimbe kwa macho ya mtu wa kawaida. Lakini mmoja ulitokana na chakula cha kambini, na mwingine na udongo wa shambani. Basi bodi inayoamua kwa kutazama mguu tu, bila kutazama historia ya mtu na mahali alipotumikia, haijafanya kazi yake.

Historia hiyo hupatikana wapi? Katika daftari la wagonjwa la kikosi. Hapo kuna tatizo ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni la lugha. Lugha yetu ya jeshi na polisi ni Kiswahili, na katika Kiswahili askari husema, "Mguu unaniuma," akiwa na maana ya chochote kuanzia nyonga hadi ukucha. Mganda akisema kwa Luganda angetofautisha okugulu na ekigere. Mganga wa kikosi naye huandika kwa Kiingereza kwamba mtu anaumwa mguu wa juu, humpa vidonge na kumrudisha lindo. Miaka ishirini baadaye bodi inasoma daftari na kusema: hapakuwa na malalamiko yoyote ya nyayo. Mtu amekosa haki yake kwa neno moja.

Katika Marekani maamuzi ya bodi ya rufani za askari wa zamani huchapishwa bila majina, nasi tunaweza kuona jinsi mambo yanavyopimwa. Mashauri ya nyayo bapa, yaani zisizo na upinde, ni mengi. Ikiwa miguu yote miwili imeathirika, hali hiyo hupewa asilimia 0, 10, 30 au 50 kwa kadiri ya ukali wake. Kama daktari aliandika siku ya kuandikishwa kwamba kijana ana nyayo bapa, mdai hawezi kusema jeshi ndilo lililozileta. Hoja yake itakuwa kwamba utumishi ulizidisha ubaya wake. Kama daktari hakuandika neno, sheria humchukua kuwa aliingia mzima, na ni juu ya serikali kuonyesha vinginevyo. Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie jalada lile lile, au kwenda kwenye bodi ya rufani.

Uingereza nayo iliamua mwaka 1943, vita vikiendelea, kwamba askari asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha, na kwamba shaka ya haki imfae yeye. Mwaka 1947 Jaji Denning alieleza maana ya kanuni hiyo kwa uzito ule ule wa kesi ya jinai. Kwa maoni yetu hiyo ni kanuni ya haki. Kumbukumbu hutunzwa na jeshi, si na askari. Zikipotea, si haki hasara imwangukie yeye.

Kwa upande wetu, Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na afisa au chombo cha utawala, na haki ya kwenda mahakamani juu ya uamuzi uliomdhuru. Ombi la Mahakama Kuu kupitia uamuzi wa namna hiyo hupaswa kupelekwa ndani ya miezi mitatu. Mahakama hapo haipimi kisigino. Inatazama kama sheria ilifuatwa na kama mdai alisikilizwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la aliyekataliwa ni kupata sababu za kukataliwa kwa maandishi, na la pili ni kuijibu sababu hiyo hasa. Bodi ikisema ulemavu ni mdogo, barua za makamanda haziongezi kitu; panahitajika kipimo kipya cha daktari. Ikisema uzi haupo, picha za mguu hazisaidii. Wanahitajika wenzake wa kikosi waliomwona akichechemea, pamoja na daktari atakayeeleza kwa nini matembezi yale yangeleta ugonjwa huu, na kwa nini maji ya Ggaba peke yake yasingetosha.

Nao walio bado kazini wana nafasi ambayo wastaafu hawana tena. Waendapo zahanati, wataje kisigino, wayo, kifundo au kidole, cha kulia au cha kushoto, na kazi waliyokuwa wakifanya siku ile. Waombe nakala, na nakala hiyo ikae nyumbani kwao, nje ya kambi.