Ukingo wa lami unavyowaangusha waendeshaji baiskeli

JIONI moja aliletwa katika kliniki yangu, Mashariki ya Nairobi, kijana anayesambaza mikate kwa baiskeli. Alikuwa amechubuka magoti na kiwiko tu, naye aliomba dawa ya maumivu arudi kazini. Nilipombonyeza tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, alishtuka. Alisema pia bega la kushoto lilimuuma, ilhali hakuangukia bega hilo. Nilimpeleka hospitalini usiku huo huo. Wengu ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa ikivuja tumboni. Ncha ya usukani ndiyo iliyomgonga.

Alianguka vipi? Matatu ilimpigia honi kwa nyuma, akashuka kando ya barabara. Hapo lami imeinuka juu ya udongo kwa kimo cha kiganja. Alipojaribu kurudi, gurudumu la mbele liliserereka kwenye ukingo badala ya kuupanda. Wapita njia walisema hajui kuendesha. Mimi nasema barabara ile ina kilema.

Mwaka wa 2012 watafiti wa Canada walichapisha uchunguzi kuhusu watu wazima 690 walioumia wakiendesha baiskeli Toronto na Vancouver. Walilinganisha mahali kila mmoja alipoumia na mahali pengine alipopita salama katika safari ile ile. Kwa hivyo mtu alikuwa yule yule, na baiskeli ile ile. Kilichobadilika ni barabara. Katika njia za baiskeli zilizotengwa kwa kizuizi kando ya barabara kuu, hatari ilikuwa kama moja kwa tisa ya ile ya barabara kuu zenye magari yaliyoegeshwa na zisizo na njia ya baiskeli. Miteremko, reli za tramu na sehemu za ujenzi ziliongeza hatari.

Nairobi haina tramu, lakini wafanyakazi wa Eneo la Viwanda huvuka reli kila siku. Ivuke moja kwa moja, si kwa mshazari, gurudumu lisije likanaswa. Mfuniko wa mtaro wenye vyuma vilivyolala kuelekea uendako ni mtego wa aina hiyo hiyo.

Kizuizi, msomaji, si rangi. Mstari uliochorwa tu hugeuka stendi ya matatu asubuhi na soko la nyanya jioni. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeao kwa miguu na waendeshaji baiskeli. Pesa hizo zingejenga kuta fupi nyingi.

Kisha kuna mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri mita 14 kwa sekunde moja, kabla dereva hajakanyaga breki. Kwa kilomita 80 ni mita 22, na nguvu ya kugonga huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Jioni, giza linapoingia haraka na taa za barabarani hazimuliki, mita hizo ndizo uhai. Usisimame pia upande wa kushoto wa lori kwenye makutano. Likikata kushoto, dereva hakuoni.

Ukianguka, usiende kulala ukitumaini kupona. Maumivu ya tumbo yanayozidi, kizunguzungu, kutapika baada ya kugonga kichwa, au usingizi usio wa kawaida, vyote vinataka hospitali mara moja.

Kijana wangu alitolewa wengu. Kwao ni Busia, na mwili usio na wengu hulemewa upesi na malaria na nimonia. Amechanjwa, na nimemwonya kwamba homa yoyote, hata ndogo, ni ya kukimbilia daktari. Amerudi kusambaza mikate. Akifika pale penye ukingo, hushuka na kuisukuma baiskeli.