Baiskeli ya Njia Zote: Namna ya Kumchagulia Mpandaji Aliyekwisha Komaa

Mkazi wa Mungumaji, Mtipa au Kisaki mwenye shughuli zake katikati ya mji wa Singida hupita njia za namna tatu katika safari moja ya asubuhi. Huanza na kijia cha mchanga kati ya mashamba ya alizeti, huingia kwenye mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, kisha hutokea kwenye lami, ambako malori yaendayo Nzega na Babati humpita ubavuni. Jioni huirudia safari hiyo, mara nyingi akiwa na mzigo nyuma na upepo usoni, akiharakisha kufika kabla ya Magharibi.

Makala haya hayamhusu mtoto anayejifunza. Huyo baiskeli yoyote nyepesi yenye breki nzima humtosha. Tunamzungumzia kijana wa sekondari, au baba, au mama, aliyekwisha acha kuanguka siku nyingi, anayekwenda kasi na kuteremka bila kusita. Yamkini mzazi hudhani kwamba mpandaji wa namna hiyo anaweza kuendesha chochote atakachonunuliwa. Kinyume chake ndicho kweli: kasi yake ni kubwa zaidi, mzigo wake ni mzito zaidi, na kosa la chombo humgharimu zaidi. Aidha, fedha yenyewe kwa familia nyingi hutoka katika magunia ya alizeti yauzwayo mara moja kwa mwaka. Ikipotea, kijana atatembea kwa miguu hadi mavuno mengine.

Baiskeli ziuzwazo mjini ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni ule wa zamani, wa gurudumu la inchi 28, fremu ya chuma kizito na breki za fito zinazoshuka kutoka kwenye usukani. Umbo lake lilitoka Uingereza, katika viwanda kama cha Raleigh mjini Nottingham, nasi tumelizoea zaidi kwa majina ya Phoenix ya China na Avon na Hero za India. Ukoo wa pili ni baiskeli ya mlimani, ya gurudumu la inchi 26 na tairi nene. Hii ilizaliwa miaka ya 1970 katika vilima vya Marin, jimbo la California, Marekani, ambako vijana walizichukua baiskeli kuukuu za matairi manene wakazishindanisha kwenye miteremko ya vumbi. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, mojawapo ya za kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani.

Kwa kubeba gunia juu ya barabara ngumu, ukoo wa kwanza haujapata mpinzani, na mafundi wetu wanaujua kwa kupapasa. Mchangani hali hubadilika. Tairi lake lina upana wa takriban inchi moja na nusu na hujazwa upepo mwingi, hivyo huukata mchanga, na gurudumu la mbele huzama na kugeuka lenyewe. Tairi la inchi mbili huulalia mchanga. Kwa anayeishi kando ya lami na asiyeiacha, tungemshauri abaki na Phoenix yake. Kwa mwenye safari ya njia tatu tuliyoieleza, tunaona baiskeli ya mlimani inafaa zaidi, mradi ichaguliwe vema. Na hapo ndipo wengi hupotea.

Hupotea kwa sababu dukani macho huvutwa na springi za mbele, zile ziitwazo shokapu, na maandishi ya gia 21. Springi nzuri ni kitu cha gharama. Zile zinazowekwa kwenye baiskeli za bei ya chini huongeza uzito, hunywa nguvu ya mguu kila unapopanda mlima umesimama, na vumbi letu likishaingia ndani hukwama au hucheza kushoto na kulia, na usukani hucheza nazo. Foku ya chuma isiyo na springi haina cha kuharibika. Kwa bei ileile, isiyo na springi kwa kawaida huwa na magurudumu na breki bora zaidi, kwa kuwa fedha haikuishia kwenye pambo.

Gia nazo zisihesabiwe. Ishirini na moja maana yake ni tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi kati yake hulingana kwa wepesi. Linalohitajika ni gia moja nyepesi ya kutosha kumvusha mtu dhidi ya upepo wa Singida, ule uliowavuta hata wawekezaji wa umeme wa upepo kuutazama mkoa huu, na moja nzito kwa lami tambarare. Saba za nyuma pekee huwatosha wengi, na cheni hudumu zaidi kwa kuwa haivutwi mshazari.

Kipimo cha fremu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Tumezoea kununua sare kubwa ili mtoto aikulie, na baiskeli tunainunua hivyo hivyo. Mwache mpandaji asimame wima, miguu yote chini, ameuweka mtalimbo wa juu kati ya mapaja. Kwa njia za mawe, pabaki nafasi ya sentimita tano au zaidi kati yake na mtalimbo. Pasipobaki, siku atakayoruka ghafla korongoni ataumia pasipostahili kuumia. Kisha akae kwenye kiti na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kikihitaji kupandishwa hadi alama ya mwisho ya bomba lake kupita, fremu ni ndogo.

Breki zijaribiwe, nazo rimu zichunguzwe. Rimu ya chuma king'aacho hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya breki ikilowa, na msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ndio wakati miteremko inapoteleza. Rimu ya alumini hushikika vizuri zaidi. Namna rahisi ya kuzitofautisha ni sumaku. Hata ile ya spika ya redio iliyokufa yatosha. Ikinata, ni chuma. (Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.)

Ubavuni mwa tairi kumechapwa namba mbili zenye kistari kati yake, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye rimu, vyote kwa milimita. Baiskeli mbili zinaweza kuitwa za inchi 26, moja ikawa 559 na nyingine 590, na tairi la hii lisiingie katika ile. Kabla ya kununua ya mtumba, soma namba hiyo kisha uulize kwenye maduka ya vipuri kama tairi lake lipo. Kuhusu mbigili na miiba ya migunga, hakuna tairi lisilotoboka. Nunua pamoja na baiskeli pampu, viraka na solusheni, na usipunguze upepo mno kwa ajili ya mchanga, kwani tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili kwa mpigo.

Kwa binti na mama, nguo ndefu si kikwazo ila cheni iliyo wazi ni hatari. Atafutiwe fremu yenye mtalimbo ulioinama, kifuniko kizima cha cheni, na wavu wa kukinga spoku za nyuma. Vitu hivi hupatikana mara nyingi kwenye baiskeli za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake, na fundi wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza kwa bati na waya.

Ya mtumba, hali kadhalika, itazamwe chini ya rangi: pale mitalimbo inapokutana nyuma ya usukani, ufa huanza kama unywele wa kutu. Zungusha kila gurudumu ukiangalia pengo kati ya rimu na breki. Likitanuka na kufinyika, rimu imepinda. Shika gurudumu ulisukume kando. Likicheza, gololi zimekwisha. Muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake analazimika kuitaja, na sheria yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kilichofichwa aibu. Hata hivyo ni rahisi zaidi kuiona dukani kuliko kuidai baadaye.

Baiskeli ikishanunuliwa, hata mpya, irejeshwe kwa fundi baada ya wiki mbili au tatu za njia za mawe. Spoku mpya hulegea katika siku hizo za mwanzo, na nati za pedali pia. Kuzikaza ni kazi ya muda mfupi, na ikiachwa rimu hupinda na uzi wa mkono wa pedali hulika.