Stesheni ya Pier Head na Reli ya Juu ya Liverpool

Abiria ashukaye leo kutoka katika kivuko cha mto Mersey, akayapita yale majumba matatu makubwa yaliyoupa mji wa Liverpool sura yake, hutokea katika barabara pana iendayo sambamba na bandari. Wala hakuna kitu cha kumjulisha kwamba hapo, kiasi cha mita 5 juu ya vichwa vya wapita njia, palikuwa na stesheni ya Pier Head, iliyokuwa kitovu cha reli ya kwanza duniani kujengwa juu ya nguzo na kuendeshwa kwa umeme.

Reli hiyo ilizaliwa na dhiki. Katika karne ya 19 gati za Liverpool zilikuwa zimeenea maili baada ya maili kandokando ya mto, na barabara iliyoziunganisha ilisongwa na mikokoteni ya farasi, makuli, marobota ya pamba, na mabehewa ya shehena yaliyokuwa yakivuka huku na huku baina ya ghala na meli. Palikuwa na mabasi ya farasi yaliyotengenezwa makusudi yapite juu ya reli hizo za mizigo, lakini kila ilipotokea garimoshi la shehena basi lilikuwa halina budi kutoka relini, kungoja katika mawe ya barabara, kisha kurejea. Na mwenye haraka aghalabu alikuwa na hiari ya kutembea kwa miguu.

Mwaka 1888 shughuli ya kujenga reli juu ya msongamano huo ikakabidhiwa kampuni ya binafsi, na wahandisi wakawa Sir Douglas Fox na James Henry Greathead. Zama hizo reli za juu za New York zilikuwa zikivutwa kwa injini za mvuke, zikiwamwagia watu majivu na cheche, jambo ambalo katika bandari iliyojaa pamba lingekuwa ni kutafuta balaa. Liverpool ikachagua umeme, uliozalishwa na mitambo ya kampuni yenyewe kando ya gati ya Bramley-Moore. Hata ishara za njiani hazikuhitaji mkono wa mtu, kwa kuwa treni yenyewe, kwa kupita kwake, ndiyo iliyozigeuza. Tarehe 4 Februari 1893 reli ilifunguliwa rasmi na Marquess of Salisbury, ndiye yule ambaye serikali yake ilipatana na Wadachi mwaka 1890, Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza.

Hapo mwanzo abiria aliyesimama Pier Head alitazamana na maji ya gati kongwe ya George; baadaye gati hiyo ikafukiwa, na juu ya kifusi chake yakasimama majumba yale matatu, hata stesheni ikabaki imeelekea migongo yao. Lakini aliyepanda treni hakupungukiwa na tamasha, maana kutoka dirishani aliziona meli za dunia nzima zikipakia na kupakua, gati moja baada ya nyingine. Mwaka 1897 Alexandre Promio, mpiga picha wa ndugu Lumière wa Ufaransa, aliweka kamera yake ndani ya behewa akaipiga picha bandari hiyo huku treni inakwenda, naye ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa waliothubutu kupiga sinema kwa kamera inayosafiri.

Makuli walikuwa na sababu nyingine ya kuipenda reli hiyo: mvua za Liverpool hazina simile, nao walitembea chini yake kutoka gati hata gati bila ya kulowa, ndipo wakaiita mwavuli wao.

Mabomu ya Mei 1941 yaliijeruhi vibaya, ikatengenezwa, ikaendelea. Kilichoiua ni kutu. Chini ya daraja lake refu lilipita garimoshi la mizigo ya bandari, likifukiza moshi mchana na usiku, na moshi ule pamoja na unyevu ukazila sahani za chuma zilizobeba njia. Mwaka 1955 wakaguzi walisema kwamba matengenezo yangehitaji pauni milioni 2. Kampuni haikuwa nazo. Na kwa kuwa haikutaifishwa pamoja na reli nyinginezo za Uingereza, hapakuwa na hazina ya kuikimbilia, wala halmashauri ya mji haikukubali kuubeba mzigo huo.

Usiku wa tarehe 30 Desemba 1956 treni za mwisho ziliondoka katika ncha zote mbili za njia, zimejaa pomoni, zikapishana. Septemba 1957 wavunjaji wakaanza kazi, na Pier Head ikauzwa kama vyuma chakavu. Wako wasemao kwamba ingekufa tu, maana gati za kusini zilifungwa mwaka 1972, na hoja hiyo si ya kupuuza. Ila waliovunja mwaka 1957 hawakuwa wakiutazama mwaka 1972, walikuwa wakiitazama bili. Na mwaka 1977 mji uleule ulifungua njia mpya ya treni katika mapango yaliyochimbwa chini ya mitaa yake, kwa gharama iliyozipita kwa mbali zile pauni milioni 2.