Mshauri Nasaha katika Kliniki ya Methadoni
Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu waraibu wa heroini, yaani watu ambao miili yao haitulii tena bila ya unga, kwa kuwapa methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu na ambayo huzuia arosto, yale maumivu, kuharisha na kukosa usingizi yanayomrudisha mtu kijiweni. Mgonjwa halazwi, hunywa dozi yake na kurudi nyumbani, na hapo ndipo ugumu wa kazi ya mshauri nasaha unapoanzia, kwa kuwa mtaa ni uleule na marafiki ni walewale. Mshauri, ambaye kazi yake si kuhubiri, humsaidia mgonjwa kutambua mazingira yanayoamsha hamu, kupanga namna ya kuyakwepa, na kupatana na ndugu ambao pengine wamekwisha kuibiwa mara nyingi mno kuweza kuamini ahadi. Mgonjwa anapoteleza na kutumia tena unga, jambo la kawaida katika maradhi sugu ingawa huwavunja moyo wazazi, dozi huangaliwa upya na mazungumzo huendelea.