Baisikeli katika Msitu wa Meerdaal

Mji wa Leuven, nchini Ubelgiji, wajulikana na Wakatoliki wengi wa Kongo. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425. Na tangu 1936 mabaki ya Padri Damiaan, mtumishi wa wenye ukoma, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2009, yamelazwa humo. Kusini ya mji upo msitu wa Meerdaal, ambamo vijana huendesha baisikeli za milimani, zenye magurudumu mapana. (Mlima wenyewe haupo! Mtu wa Kivu angecheka kuviona vilima vile.)

Lakini msitu huo ni wa kale. Mna makaburi ya zamani za Warumi, yaliyofunikwa kwa vichuguu vya udongo, na njia zilizochimbika kwa miguu na magari ya karne nyingi. Gurudumu likikata udongo laini, mvua hufuata mchirizi ule ule na kuuchukua udongo. Kwa hiyo waendeshaji wamewekewa njia zao, zenye alama ya pembetatu na duara mbili. Nje ya hizo hawaruhusiwi. Wako wanaonung'unika. Sisi twaona wametendewa haki, kwani msituni hupita pia wazee, watoto na farasi, na mwenye mbio ndiye apasaye kupunguza mwendo.