Oili ya Kompresa Imepungua? Usikimbilie Kuongeza

Leo siongelei mbolea wala chanjo. Naongelea mashine inayolinda mzigo wako ukishavuna: kompresa ya chumba cha ubaridi. Na naanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa Gungu kuna kikundi cha vijana wanaofuga kuku wa nyama, na pia wananunua migebuka Kibirizi kwa ajili ya kuuza. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, walizima chumba chao ili kuokoa luku. Kuku wakawahamishia kwenye friza ndogo. Ziwa lilipofunguliwa, wakawasha umeme na kompresa papo hapo. Siku mbili baadaye simu ikaita: "Bwana shamba, oili haionekani kwenye kioo." Mimi kwa mazoea ya pikipiki nikajibu, "Mwambieni fundi aongeze."

Hapo ndipo nilipokosea. Injini ya pikipiki inaweza kuchoma oili ikatokea kwenye ekzosi. Mfumo wa ubaridi umefungwa, oili haina pa kuungulia ikaisha. Ikipungua kwenye kompresa, ama imevuja nje, ama imekwama kwenye mabomba na evaporeta.

Ya vijana wale ilikwama. Mashine ikizimwa muda mrefu, gesi husogea taratibu hadi kwenye kompresa na kujichanganya na oili. Ukiwasha ghafla, presha inashuka, gesi inachemka, na oili inatoa povu kama soda iliyotikiswa. Povu hilo linabeba oili kwenda nayo kwenye mabomba. Fundi akaongeza lita moja, kisha ile ya mwanzo ikarudi kwa mkupuo. Kompresa ikagonga kama nyundo, valvu zikavunjika. Faida ya kuku wa awamu nzima iliishia kwenye kompresa nyingine.

Kabla hujaongeza oili, kagua haya:

1. Usawa. Angalia kioo kilichopo ubavuni mashine ikiwa imeshafanya kazi kwa muda, sio dakika ya kwanza. Karibu nusu ya kioo ni pazuri.

2. Povu. Likitokea wakati wa kuwasha na kuisha haraka, sio la kutisha. Lisipoisha, gesi inarudi ikiwa bado majimaji. Kagua feni ya evaporeta na barafu iliyoganda, kisha fundi apime valvu inayopitisha gesi.

3. Madoa kwenye maungio. Oili husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye doa la oili huenda na gesi inatoka. Gesi ikipungua, oili nayo hairudi vizuri. Zibeni kwanza.

4. Rangi na harufu. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaweza kuwa na asidi, usiiguse kwa mkono mtupu. Ukifunga kompresa mpya bila kusafisha mfumo na kubadili filta, unaiua na hiyo mpya.

5. Aina. Mashine nyingi za R22 hutumia oili ya madini, na za R134a na R404A hutumia POE. Fuata kibao cha mashine. POE hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo kopo lililokaa wazi likatae.

Na hili la kukatika umeme: kompresa nyingi za vyumba vya ubaridi zina hita chini, kazi yake ni kuitoa gesi ndani ya oili. Mashine ikikaa siku nyingi bila umeme, washa hita kwanza, kompresa isubiri saa alizoelekeza mtengenezaji, mara nyingi ni usiku kucha. Ndiyo maana usinunue samaki siku ileile unayofungua chumba. Na kama unafunga kwa miezi, mwite fundi aivute gesi yote kwenye tangi lake na kulifunga kabla ya kuzima.

Siku fundi akija na kopo la oili mkononi, muulize: "Ile ya mwanzo imekwenda wapi?" Kama hana jibu, kopo libaki limefungwa mpaka alipate. Mimi sikuuliza, na waliolipa ni vijana wale.